Mzee Karume: Akisema, Imekuwa

Popote wanapokaa vijana na vikombe vya kahawa, iwe Darajani, iwe Vikokotoni, siasa haichelewi kufika kwa hayati Mzee Abeid Amani Karume. "Yule alikuwa mkali, lakini akisema, imekuwa!" Mtu akishasema hivyo mjadala umekwisha. Mimi naona ndipo ungeanza.

Kweli alikuwa akisema ikawa. Mapinduzi yalifanyika 12 Januari 1964; Machi ardhi ikatangazwa kuwa mali ya serikali, na 23 Septemba elimu ikawa bila malipo. Mtoto wa mchuma karafuu akaingia skuli aliyokuwa akiipita njiani tu. Kisha wakulima wakagaiwa eka tatu tatu. Hata Muungano, yeye na Mwalimu Nyerere waliutia saini hapa hapa Unguja tarehe 22 Aprili 1964, na Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Wolfgang Dourado, hakushirikishwa. Ukitaka ushahidi wa zege, toka Mji Mkongwe uende Michenzani, ukayatazame yale majumba yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Nyumba za watu wa Ng'ambo zilivunjwa kuyapisha. Nani angesema hataki?

Mzee alikuwa baharia, na mabaharia wanajua kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Sawa. Lakini tazama chombo chenyewe kilivyokuwa. Baraza la Mapinduzi ndilo lililotunga sheria na ndilo lililotawala. Uchaguzi hakuna. Abdulla Kassim Hanga, aliyekuwa Makamu wa Rais baada ya Mapinduzi, na Othman Shariff, mwenzao katika ASP, walirejeshwa kutoka Bara mwaka 1969 na hawakuonekana tena. Ukiwa wewe ni mjumbe wa Baraza, umeyajua hayo, utanyanyua mkono umpinge Mzee?

Basi ikafika 1970, wasichana wanne wenye asili ya Iran wakaozwa kwa nguvu kwa wakubwa. Wakatetea kwamba ati zamani watu weusi walifanywa masuria. Zamani hizo zilikuwepo, sikatai, lakini hawa mabinti wana kosa gani? Huo nao ni uamuzi wa haraka, bwana, nao ulitekelezwa. Halafu chakula. Mzee alitaka kisiwa kijitegemee, uagizaji wa mchele ukabanwa, watu wakapanga foleni, na huku karafuu ikiingiza fedha nzuri za kigeni. Wanawake waliosimama foleni walijua kabisa kwamba mambo hayaendi. Hawakuwa na pa kulisema.

Ndiyo maana wenzangu wanaposema tunataka "Karume mwengine", nawauliza: mnaitaka skuli, au mnataka mtu asiyejibiwa? Skuli ingeweza kujengwa hata kama kulikuwa na mtu wa kumwambia Mzee, "Hili la mabinti, hapana." Nani angebomoa skuli kwa neno hilo?

Jioni ya 7 Aprili 1972 Mzee alikuwa Kisiwandui, makao makuu ya ASP, akicheza bao na wenzake, alipopigwa risasi akafa. Aboud Jumbe akashika nafasi yake. Katiba ya Zanzibar ikaja 1979, na Baraza la Wawakilishi likakutana 1980, miaka 16 baada ya Mapinduzi.