Muhuri wa Wakili

SEHEMU YA KWANZA

"Saini hapo chini, mama. Na hapa. Na kwenye hii nyingine."

Karatasi ya tatu haikuwa na neno hata moja. Ilikuwa nyeupe kabisa, na mstari wa nukta pale chini basi. Mama Haika aliinua kalamu, akamtazama kijana mwenye suti nyeusi aliyeketi mbele yake, ndani ya duka la steshenari pale Himo, katikati ya mashine ya fotokopi na katoni za madaftari.

"Mbona hii haijaandikwa kitu?"

"Nakuhurumia nauli, mama yangu. Kila nikirekebisha sentensi moja nikuite ushuke kutoka Kilema kuja kusaini? Utachoka. Wewe saini, mengine niachie. Hakimu mwenyewe namfahamu, tunakula naye nyama choma. Wiki mbili tu talaka iko mkononi mwako, na nyumba ni yako."

Mama Haika akasaini.

Msomaji, usiharakishe kumlaumu. Huyu ni mwanamke aliyefunga ndoa katika kanisa la misheni ya Kilema, ile iliyosimama pale tangu miaka ya 1890, na kwa miaka 22 amebaki kwenye kihamba cha ukoo wa mumewe akikamua ng'ombe, akichuma kahawa na kumuuguza mama mkwe, huku mume yuko Dar es Salaam kwenye biashara na kurudi Desemba tu. Desemba iliyopita alirudi na dalali. Wakashuka wawili hadi kwenye kiwanja cha Himo, kile walichokinunua kwa fedha ya maziwa na ndizi, wakakipima kwa hatua huku mama watoto amesimama barabarani akiwatazama. Padre alishamweleza kwamba talaka ya serikali haivunji ndoa ya Kanisa. Hilo analijua. Alichokuwa anakitafuta ni mahali pa kulala atakapozeeka.

Na namba ya yule kijana hakuiokota njiani. Alipewa na kaka yake wa tumbo moja.

Shilingi laki tatu alizituma kwa simu. Ujumbe uliporudi ulikuwa na jina la mwanamke. "Huyo ni katibu wangu," kijana alisema bila kupepesa macho. Risiti angeiandaa kesho. Kisha akakusanya cheti cha ndoa, kile halisi, pamoja na mkataba wa mauziano ya kiwanja, akavitia kwenye bahasha ya kaki, na bahasha akaitia kwenye mkoba.

Jioni ile Mama Haika alipitia kwa Mwalimu. Huyu ni mama mstaafu aliyefundisha nusu ya watu wazima wa kijiji, na siku hizi ni msaidizi wa kisheria wa kata. Kazi hiyo inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wala hatozi mtu hata senti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Mbona unahema?"

Akasimulia yote. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, na habari ya karatasi nyeupe ilipofika, akaweka kikombe cha chai chini.

"Alikwambia mpite kwanza Baraza la Usuluhishi?"

"Alisema hiyo anairuka."

"Hairukwi hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upelekwe Baraza kwanza, likishindwa kuwapatanisha litoe cheti, na cheti hicho kiambatanishwe kwenye ombi la talaka kikiwa hakijapita miezi 6. Zipo sababu chache za kusamehewa, nazo anazipima hakimu. Hazipimwi na mtu wa steshenari. Namba yake ya uwakili ulimwuliza?"

"Mwalimu, nitamwulizaje mtu mzima na suti yake?"

"Unamwuliza kama unavyomwuliza muuza dawa za ng'ombe dawa inaisha lini. Wakili wa kweli haoni haya. Jina lake liko kwenye daftari la mawakili linalotunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu, na leseni yake anaihuisha kila mwaka. Mwaka asipohuisha, hana ruhusa ya kukutetea hata kama alikuwa wakili tangu enzi za Mwalimu Nyerere."

Akachukua simu, akavaa miwani, akafungua mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, akaandika jina lililokuwa kwenye kadi ya yule kijana. Wakasubiri. Mtandao wa huku juu mgombani ni wa kubembeleza.

Jina likatokea. Wakili wa Mahakama Kuu. Leseni hai.

"Asante Mungu!" Mama Haika akashika kifua.

Mwalimu hakutabasamu. "Tumejua kwamba yupo wakili mwenye jina hili. Hatujajua kama ndiye aliyechukua bahasha yako. Mwaka 2023 Kenya nzima ilikuwa inazungumzia jambo la namna hii. Chama cha Wanasheria cha huko kilitangaza kwamba kuna kijana ametumia akaunti ya wakili wa jina linalofanana na lake, akaweka picha yake mwenyewe, akawa anaingia mahakamani."

Asubuhi akapiga simu Moshi, kwenye tawi la Kilimanjaro la Chama cha Mawakili Tanganyika. Aliyepokea alilifahamu jina hilo mara moja. "Huyo ni mzee wetu. Alipokelewa uwakili mwaka 1994."

Mama Haika alihesabu kimoyomoyo. Kijana wa Himo hakuwa na zaidi ya miaka 30.

Wakapewa namba ya ofisi. Simu ikaita kwa muda mrefu, kisha ikasikika sauti nzito ya mzee, yenye kikohozi.

"Himo? Mimi sina ofisi Himo, wala sijawahi kuwa nayo." Akanyamaza kidogo. "Mama, huyo mtu amebaki na karatasi gani zenye saini yako?"

SEHEMU YA PILI

Mwenye steshenari alisema kijana amekodi kiti tu, kwa siku, na leo hajafika. Simu yake haipatikani. Walikwenda kituo cha polisi, wakaeleza, wakapewa RB. Mwalimu akasisitiza yaandikwe yote: laki tatu, cheti cha ndoa, mkataba wa kiwanja, na karatasi moja nyeupe yenye saini. Askari alipotaka kuiacha ile ya mwisho, Mwalimu akamwambia kwa upole, "Andika, mwanangu. Hiyo ndiyo kubwa kuliko zote."

Halafu wakapanda Noah kwenda Moshi, wamebanwa kiti cha nyuma na debe la maparachichi.

Njiani Mwalimu akamsimulia habari za Bi Hawa Mohamed. Kesi yake na mumewe Ally Sefu ilifika Mahakama ya Rufani, na mwaka 1983 Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakaamua kwamba kazi za mke nyumbani, kupika, kulea na kutunza nyumba, ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Hadi leo mahakama zinaitaja hukumu ile kila kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, kile cha mgawanyo wa mali, kinapojadiliwa.

"Kwa hiyo Bi Hawa alipata nyumba?" Mama Haika aliuliza.

"Hakupata. Mumewe alishampa fedha kabla, na mahakama ikaona amezitapanya. Rufani yake ilishindwa, lakini kanuni imewasaidia wanawake wengine hadi leo. Sasa wewe nyumba yako iko juu ya kihamba cha ukoo, na kiwanja mlinunua wawili. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Mtu anayekuahidi vyote kabla hajasoma hata karatasi moja, anajua nini kuhusu kesi yako?"

Hapa nasimama na Mwalimu kwa moyo wangu wote. Ahadi ya ushindi ndiyo inayowaponza watu wetu kuliko ada kubwa. Mtu aliyeumizwa nyumbani anatamani kuambiwa kwamba atashinda, na yupo anayeishi kwa kumwambia hivyo.

Ofisi ilikuwa ghorofani, si mbali na mahakama. Leseni ya mwaka huu ilitundikwa ukutani kwenye fremu, namba yake inasomeka. Katibu aliandika majina yao kwenye daftari la wageni. Mzee alisimama kuwapokea, akawaonyesha kitambulisho chake kabla hawajaomba.

Mwalimu alikuwa na maswali yake kwenye kipande cha karatasi. Ada ni kiasi gani, na je, itaandikwa kwenye makubaliano? Risiti ya EFD inatolewa? Nani hasa atasimama mahakamani, yeye au kijana wake? Amewahi kuadhibiwa na Kamati ya Mawakili? Mzee alijibu yote bila kukunja uso, hata lile la mwisho. Hajawahi, na kama wana shaka waulize.

Mama Haika akahisi mabega yanashuka. Huyu ndiye. Akafungua kinywa kuanza hadithi ya miaka 22.

"Subiri, mama," mzee akamkatiza. "Kabla ya yote, mumeo anaitwa nani? Majina matatu, na jina la biashara yake."

Akayataja.

Kalamu ya mzee ilisimama. Akaiweka mezani. Akafunga daftari, taratibu, na kiganja chake kikabaki juu ya jalada.

"Tafadhali usiniambie neno jingine lolote kuhusu ndoa yako."

"Kwa nini? Nimekosea nini?"

"Hujakosea. Siwezi kukuwakilisha, na sababu siwezi kuisema. Kuhusu anayetumia jina langu, hilo tutalifuata pamoja. Mchana huu naenda polisi mwenyewe. Kwa kesi yako, nenda pale tawi la chama, watakuonyesha mawakili wengine, uchague kwa macho yako. Uliyoyasema hapa hayatatoka nje ya mlango huu."

Mwalimu alishaelewa. Alimshika mwenzake mkono, wakasimama. Wakili hawezi kuvaa kanzu mbili kwenye kesi moja, na aliye mwaminifu atafunga daftari hata kama mteja amekuja na fedha mkononi. Walipofika mlangoni Mama Haika aligeuka, akamwona mzee anatazama kalenda ya ukutani.

Kwenye ngazi simu ikaita. Alikuwa Haika.

"Mama, rudi nyumbani. Mwenyekiti wa kitongoji yuko hapa na mtu wa mahakama. Wana bahasha. Wanasema hawaondoki mpaka uisaini."

SEHEMU YA TATU

"Sisaini kitu tena," Mama Haika alisema, amesimama kwenye ukumbi wa nyumba yake mikono nyuma. "Nimesaini vya kutosha wiki hii."

"Hii isaini," Mwalimu alimnong'oneza. "Unakiri kwamba umeipokea, hukubali kilichomo. Ukikataa, wataandika umekataa, na kesi inaweza kusikilizwa bila wewe. Andika tarehe na saa pembeni ya jina lako."

Akaandika. Mjumbe wa mahakama akashukuru, akateremka na mwenyekiti kati ya migomba.

Bahasha ilikuwa nene. Juu ilikuwa samansi ya Mahakama ya Wilaya, chini yake ombi la talaka la mumewe. Mwalimu alisoma kwa sauti ya darasani, kidole kikifuata mstari. Kiambatanisho cha kwanza kilikuwa cheti cha Baraza la Usuluhishi la kata fulani ya Dar es Salaam, kikieleza kwamba wanandoa wote wawili walifika, wakasikilizwa, wakashindwa kupatana.

"Mimi? Dar es Salaam sijakanyaga tangu Haika alipopata kipaimara!"

"Tulia. Kuna kingine."

Kiambatanisho cha pili kilikuwa na ukurasa mmoja. Makubaliano ya Kugawana Mali. Mke, kwa hiari yake na akiwa na akili timamu, anapokea ng'ombe wawili na shilingi milioni 2, anaondoka kwenye nyumba ya Kilema, na hana dai lolote juu ya kiwanja cha Himo. Maneno yalikuwa yamebanwa juu ya ukurasa, yakaacha nafasi kubwa, tupu, hadi kwenye mstari wa nukta pale chini.

Juu ya nukta ilikuwepo saini yake. Si ya kuigiza. Ni yake, hata ile herufi ya mwisho ambayo kalamu ya steshenari ilikwaruza bila wino.

"Tarehe," Mwalimu alisema. "Angalia tarehe."

Ilikuwa ya miezi miwili nyuma. Haika aliyekuwa amesimama mlangoni akaisoma tena na tena. "Mama, siku hiyo tulikuwa Hospitali ya Kilema na bibi. Tulilala huko. Kadi yake ipo kabatini."

"Kailete," Mwalimu akasema haraka. "Na usiikunje."

Kisha akasogeza ukurasa karibu na dirisha. Pembeni ya saini ulikuwepo muhuri wa bluu: wakili, kamishna wa viapo, sanduku la posta, Moshi. Na jina. Lilikuwa jina la yule mzee waliyetoka ofisini kwake mchana uleule.

Wanawake wawili wakatazamana. Kijana wa Himo alikuwa na kadi yenye jina hilo. Angeshindwaje kuchonga na muhuri? Lakini mzee naye alifunga daftari aliposikia jina la mume, na akaitazama kalenda.

"Mwalimu, yule mzee ni mtu mwema au si mtu mwema?"

"Muhuri unalinganishwa," alijibu, sauti yake haikuwa na uhakika wa kawaida. "Wa kwake tutauona kwenye nyaraka nyingine pale mahakamani. Ila..."

Hakumaliza. Kidole chake kilikuwa kimeteleza hadi chini kabisa ya ukurasa, kwenye maandishi madogo ambayo hakuna aliyeyaona: Shahidi wa upande wa mke. Jina, saini, namba ya simu.

Mama Haika aliifahamu namba ile kwa kichwa. Ndiyo iliyompa namba ya wakili.

Kabla hajavuta pumzi, mbwa walibweka getini, kisha wakanyamaza kama wanavyomnyamazia mtu wa nyumbani.

"Hodi! Dada, upo?" Kaka yake alikuwa anapanda ngazi za ukumbi. "Nimesikia umeletewa samansi. Nipe hizo karatasi nizione."

Hakuna mtu aliyekuwa amempigia simu.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*