Nondo mchimba majani: mgeni anayeitoboa mijozi ya Ulaya

Tangu mwaka 2010 wakulima wa jozi nchini Italia wanaishi na mgeni wasiyemwalika: nondo mdogo wa Amerika ya Kaskazini, ambaye kiwavi wake hujificha ndani ya jani, hula nyama yake, kisha hutoka na kuacha tundu. Katika muda wa miaka michache nondo huyu alienea katika mikoa mingi ya nchi hiyo, na baadaye akaonekana hata Hungaria.

Jozi inayozungumzwa hapa ni lile tunda lenye gamba gumu na kokwa lililokunjamana, ambalo jamaa zetu wa Oman hulilima katika matuta ya Jebel Akhdar. Mti wake wa kawaida una asili ya Asia, na ndio unaopandwa kwa wingi Ulaya. Wapo pia mijozi myeusi, ambao asili yao ni Amerika ya Kaskazini. Nondo huyu huishambulia yote miwili.

Ni mdudu gani?

Jina lake la kitaalamu ni Coptodisca lucifluella. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1860 na Brackenridge Clemens, mtaalamu wa wadudu wa Marekani. Wataalamu wa Italia hawakumtambua mara moja. Mwanzoni waliweza kutaja jenasi yake tu, hadi michoro ya mabawa na uchunguzi wa vinasaba vilipothibitisha ni yupi hasa.

Kwao Amerika, nondo huyu alizoea kula majani ya mipekani na miti mingine ya jamii hiyo. Mpekani na mjozi ni wa ukoo mmoja, na inaelekea kuwa ndiyo sababu hakupata taabu kuhama kutoka mti mmoja hadi mwingine.

Maisha ndani ya jani

Kiwavi huchimba baina ya ngozi ya juu na ya chini ya jani, na sehemu aliyokula hubadilika rangi na kukauka. Anapokomaa hukata kipande cha umbo la yai, huziunganisha ngozi hizo mbili kwa nyuzi za hariri, na kujifanyia ala mfano wa ngao ndogo. Humo ndani hushuka, akajibandika kwenye gome la mti, na kusubiri kugeuka nondo.

Nchini Italia huzaliana vizazi vitatu hadi vinne kwa mwaka. Nondo wa kwanza hutokea mwezi wa Aprili au Mei. Viwavi wa kizazi cha mwisho huanza kulala usingizi wa baridi mwezi wa Septemba au Oktoba.

Hasara yake

Jani ndilo jiko la mti. Likitobolewa, mti hupungukiwa na chakula cha kukuzia matunda na cha kuuvusha msimu wa baridi. Watafiti waliofuatilia mashamba ya Italia walikuta kwamba viwavi hufa kwa wingi, wakati mwingine hadi asilimia 74. Hata hivyo, katika miaka yote mitatu ya uchunguzi, kila jani lilikuwa limeshambuliwa kufikia mwisho wa kizazi cha mwisho. Waliosalia walitosha.

Funzo kutoka kwa nondo wengine

Ulaya imepata kuyaona haya. Mnamo miaka ya 1980 nondo aitwaye Cameraria ohridella aligunduliwa karibu na ziwa Ohrid, Macedonia, akiyakausha majani ya mti ambao Waingereza huuita chestnati ya farasi. Kufikia mwaka 2002 alikuwa London. Huyo hulala ndani ya majani makavu yaliyoanguka, na kwa hiyo kuyafagia na kuyachoma hupunguza idadi yake. Dawa hiyo haifai sana kwa mjozi, kwa kuwa nondo wake aghalabu hulala kwenye gome.

Wakulima wa nyanya wa Tanzania na Kenya nao wanamjua mchimba majani mwingine, Tuta absoluta, aliyetoka Amerika ya Kusini na kuingia nchi hizo mwaka 2014. Watanzania walimpa jina la kantangaze. Yeye huenda mbali zaidi: hulitoboa hata tunda.

Nini kifanyike?

Kunyunyiza dawa ovyo hakusaidii sana, maana kiwavi amekingwa na ngozi ya jani, ilhali dawa hiyo huwaua nyigu wadogo wa kienyeji ambao wameanza kutaga mayai yao ndani ya viwavi.

Mwenye mjozi bustanini, awe Ulaya au Ghuba, ayatazame majani. Tundu la umbo la yai, dogo kuliko punje ya mchele, likiwa na ukingo wa jani lililokauka, ni dalili ya kupelekwa ofisi ya kilimo.

Kubwa zaidi ni kutosafiri na miche wala vijiti vya kupandikiza. Mche unaweza kuwa hauna jani hata moja, na bado ukawa umebeba ngao kumi kwenye gome lake. Jozi za kula hazina neno: kiwavi huyu hali kokwa.