Unasafiri kwa treni kutoka Dar? Jua kwanza stesheni yako

Ulaya, mgeni hununua pasi moja ya Eurail akazunguka nchi zaidi ya 30. Dar hakuna pasi kama hiyo. Kila reli ina tiketi yake, na ukikosea stesheni treni haikusubiri.

Unaenda Morogoro au Dodoma? Panda SGR, iliyofika Dodoma Julai 2024. Stesheni yake iko mjini, jirani na ile ya zamani. Tiketi unakata hata kwa simu, ila beba kitambulisho chenye jina hilohilo. Kigoma na Mwanza bado ni treni ya reli ya kati. Uliza siku inayoondoka.

Mbeya au Zambia ni TAZARA, na hapo ndipo wengi hupotea: stesheni iko Barabara ya Nyerere, siyo mjini. Kwa mtu wa Temeke ni jirani kabisa. Daraja la kwanza chumba kina vitanda 4, la pili 6. Wanaume na wanawake hulala vyumba tofauti, kwa hiyo mke na mume wanaotaka kukaa pamoja inabidi walipie chumba kizima. Ratiba nayo hubadilika, piga simu kabla hujafunga begi.