Kwao Mtoto wa Mjini

Msomaji, neno "kwao" ni fupi, na kila mtu hudhani kwamba anaijua maana yake. Lakini mwaka 1954, katika jiji la Nairobi, neno hilo lilitumika kuwaondoa watoto katika nyumba walimozaliwa.

Pengine umepata kusoma habari za watoto wa London. Mwezi Septemba 1939, vita vilipoanza, serikali ya Uingereza iliwahamisha watu wapatao 1,500,000, wengi wao watoto, kutoka miji mikubwa kwenda mashambani, ili mabomu yasiwakute. Walipanda magari ya moshi pamoja na walimu wao, kila mtoto na kibandiko cha jina lake. Kwao shamba lilikuwa kimbilio.

Watoto wa Nairobi nao walihamishwa wakati wa vita, lakini kwa sababu nyingine. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952 kwa ajili ya Mau Mau. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili, 1954, askari wapatao 25,000 waliuzingira mji kwa amri ya Jenerali Erskine. Msako huo uliitwa Anvil, yaani fuawe ya mhunzi. Mtaa baada ya mtaa, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wenzao. Wanaume kwa maelfu walipelekwa Lang'ata, jirani na Kibera, wakapitishwa mbele ya wapelelezi waliovikwa magunia vichwani. Kisha wengi wakafungwa Manyani na Mackinnon Road. Wanawake na watoto kwa maelfu waliondolewa mjini wakapelekwa katika ardhi za makabila yao. Serikali ilisema imewarudisha kwao.

Jiweke, msomaji, mahali pa mtoto aliyezaliwa Pumwani. Baba amechukuliwa asubuhi. Jioni wewe na mama mnashushwa katika kijiji usichokijua. Tena huko hakukuwa na amani. Kuanzia Juni 1954, zaidi ya watu 1,000,000 walihamishwa kwa nguvu katika vijiji vipya vilivyozungushiwa maboma na mahandaki. Vibanda vya zamani vilichomwa, akina mama walitolewa kufanya kazi za lazima, njaa ikaingia. Mtoto wa London alipelekwa mbali na vita. Mtoto wa Nairobi alipelekwa vitani.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Kwa sababu serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mgeni aliyekuja kufanya kazi. Hata Wanubi wa Kibera, wajukuu wa askari, waliokaa pale tangu mwanzo wa karne, walihesabiwa wapangaji tu katika ardhi ya Serikali. Na mpaka wa mji ulikuwa karibu: Kawangware, ambayo leo ni mtaa wa Nairobi, ilikuwa mashamba ya Dagoretti, wilayani Kiambu. Aliyehamishiwa upande ule alikuwa umbali wa mwendo wa saa chache tu kwa miguu kutoka mjini, lakini mama yake hakuweza kurudi bila kibali.

Ukoloni ulikwisha mwaka 1963, lakini neno halikufa. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi, familia za Kibera na Kawangware zilikimbia nyumba zao. Baadhi zililala katika uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, na nyingine zikapeleka watoto mashambani. Safari hii hakuja askari wa mkoloni. Jirani alimwambia jirani arudi kwao.

Basi, msomaji, ukisikia mtu akiambiwa arudi kwao, uliza kwanza alizaliwa wapi.