Mtoto akiumia kichwa katika ajali ya barabarani

Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka 6 kliniki siku ya pili baada ya kuanguka kwenye bodaboda. Siku ya ajali mtoto aliinuka mwenyewe, akalia kidogo, akanywa uji na kwenda kucheza. Alikuwa na mchubuko tu kwenye paji la uso. Kesho yake alitapika mara tatu na akawa hataki kuamka. Tulimpa rufaa hapo hapo, na kipimo cha kichwa kikaonyesha damu imevuja ndani ya fuvu. Alifanyiwa upasuaji, akapona. Mama yake aliniambia, "Nesi, sikuona damu, nikajua ni salama."

Kwa nini hali hubadilika baadaye?

Ubongo ni laini, nao umekaa ndani ya fuvu gumu. Kichwa kikigonga lami, fuvu husimama ghafla lakini ubongo huendelea kwenda, ukajigonga kwenye mfupa, kisha ukarudi kugonga upande wa pili. Mishipa ya damu inaweza kukatika. Fuvu halitanuki, kwa hiyo damu au uvimbe ukiongezeka taratibu huubana ubongo. Ndiyo maana mtu anaweza kuzungumza vizuri saa kadhaa, kisha akazidiwa.

Mtoto mdogo ana hatari zaidi. Kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, na shingo bado haijakaza, hivyo akirushwa mara nyingi hutangulia kichwa. Tena mwendo usikudanganye: kugonga kitu kilichosimama ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka juu mita 10 hivi.

Bodaboda

Kanuni za Tanzania za pikipiki za abiria zinakataza kubeba mtoto aliye chini ya miaka 9. Najua hali zetu. Shule iko mbali, daladala inawaacha wanafunzi kituoni, hela ya bajaji haipo kila siku. Lakini mshikaki wa mama na watoto wawili nyuma ya dereva mmoja, hapo siwezi kukubembeleza: usipande. Na mtoto uliyemfunga mgongoni kwa kitenge ndiye atakayegonga chini kwanza mkianguka chali.

Kijana mkubwa, na wewe mwenyewe, vaeni helmeti. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba kwa mwendesha pikipiki helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69, na hatari ya kufa kwa asilimia 42. Lazima ikae sawasawa na kamba ifungwe chini ya kidevu. Isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Kofia ya mafundi ujenzi haikutengenezwa kwa kazi hii. Wengi mnaniambia mnaogopa jasho la abiria aliyetangulia au kuharibu msuko. Beba kitambaa chepesi kwenye mkoba, jifunge kichwani kwanza, kisha vaa. Na kama dereva hana helmeti ya abiria, mwite mwingine.

Kwenye gari na kwa miguu

Ndani ya gari, mtoto akae kiti cha nyuma na afungwe mkanda au kiti cha mtoto kinachomfaa. Usimpakate mbele. Gari likigonga, mikono yako haiwezi kumzuia, hata ukimkumbatia kwa nguvu zote.

Mtoto wa miaka 5 au 6 bado hawezi kukadiria kasi ya gari. Mshike kifundo cha mkono, maana vidole huchomoka, na wewe utembee upande wa magari. Mkishuka kwenye daladala, subirini iondoke ndipo mvuke. Wengi hugongwa wakichomoza mbele ya gari lililosimama.

Ajali ikitokea

Usimwinue kwa kumvuta mikono wala kumkalisha. Mtu mmoja ashike kichwa na shingo visicheze. Anayevuja damu, gandamiza kwa kitambaa safi, lakini usibonyeze mahali palipobonyea. Akitapika au akizimia huku anapumua, mgeuzeni kwa ubavu, mwili na kichwa kwa pamoja. Usimpe maji, chai wala chakula. Usimvue helmeti, isipokuwa hapumui vizuri. Polisi mnaweza kuwapigia 112, lakini majeruhi aliyezidiwa apelekwe hospitali kwanza, fomu ya PF3 ifuatiliwe na ndugu mwingine.

Aliyezimia hata kwa dakika moja aonwe hospitali. Aliyeonekana mzima muangalie kwa karibu, hasa saa 24 za kwanza. Anaweza kulala, ila muamshe mara kwa mara uone kama anakutambua. Kimbilia hospitali, hata usiku wa manane, akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akiwa mgumu kuamka, akiongea ovyo, akilegea upande mmoja, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au damu au maji maangavu yakitoka puani au masikioni. Kwa mtoto mchanga, angalia utosi uliovimba, kukataa ziwa na kilio kisichonyamazika. Akipata degedege, usipoteze muda kwa kumkanda wala kutafuta dawa za kufukiza. Hilo ni jeraha. Usimpe aspirini wala diklofenaki, kwani zinaweza kuongeza kuvuja damu.

Akirudi nyumbani

Huku ndiko familia nyingi huchoka. Mtoto aliyekuwa mpole anakuwa na hasira, anasahau alichotumwa, mwanga na kelele vinamsumbua. Usimchape ukidhani ni ukaidi. Apumzike, arudi shule kidogo kidogo, na asicheze mpira wala kupanda miti hadi daktari aruhusu, kwa sababu pigo la pili kabla ya kupona ni baya zaidi. Mwambie na mwalimu wake yaliyompata, ili naye asimwadhibu kwa kusahau.