Ernst May: Mpangaji Miji Chini ya Mlima Meru

Watu wa Unguja wanazijua nyumba za Wajerumani, zile fleti za Kikwajuni na Michenzani zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Wachache wetu tuna habari kuwa miaka 30 kabla ya hapo Mjerumani mwingine, aliyewapita wote kwa sifa katika fani hiyo, alikuwa akilima shamba karibu na Arusha, chini ya Mlima Meru, hana mji wa kuupanga.

Huyo ni Ernst May, mzaliwa wa Frankfurt, 1886. Baina ya 1925 na 1930 aliusimamia ujenzi wa mji wake huo, na zikasimama nyumba zaidi ya 12,000 za watu wa kipato kidogo: mapaa bapa, bustani, jua katika kila chumba, na lile jiko dogo alilolisanifu Margarete Lihotzky ili kumpunguzia mwanamke hatua na machovu. Akaitwa Urusi ya Kisovieti kupanga miji ya viwanda, Magnitogorsk ukiwamo. Mambo hayakwenda alivyotaka, na kurudi kwao hakukuwezekana tena. Hitler alikwishashika hatamu, naye May alikuwa na asili ya Kiyahudi. Ndipo alipoingia Tanganyika, 1934.

Ukulima haukumshika. Mwaka 1937 alihamia Nairobi kufanya kazi ya usanifu, vita vikazuka, na Waingereza wakamweka kizuizini kwa kuwa Mjerumani. Lakini mwaka 1945 walimtafuta wenyewe awapangie upanuzi wa Kampala katika vilima vya Kololo na Naguru.

Hapa ndipo pa kumsoma kwa makini. Ramani yake inavifuata vilima kwa upole, barabara zinazunguka na mteremko, mabonde yameachiwa miti na upepo. Ni kazi ya jicho la mtunzi. Ila ndani ya ramani hiyo kila kabila la watu limetengewa mahali pake: Mzungu huku, Mhindi kule, Mwafrika Naguru, akingoja afunzwe ustaarabu hatua kwa hatua. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa ajili ya nasaba akachora mji kwa kufuata nasaba! Sisemi alikuwa mnafiki. Nahisi aliamini kwa dhati kuwa anatenda wema, na hilo ndilo linalonitia uzito zaidi.

Mombasa alisanifu Hoteli ya Oceanic. Mwaka 1954 alikuwa keshafika Hamburg, akapanga miji tena hadi alipofariki, 1970.

Kabla ya kuondoka aliwasanifia Wachagga wa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, jengo lao kubwa mjini Moshi. Safari hii Waafrika hawakuwa wa kupangiwa mahali. Wao ndio waliokuwa wenye kazi, na fedha ilikuwa ya kahawa yao.