Fahamu kiti kilichobadili ubunifu wa bidhaa za viwandani

Zamani seremala alikuwa kila kitu. Anapanga umbo kichwani, anakata mbao, anapiga randa, anaunga, anauza mwenyewe. Viwanda vilipoingia, kazi hiyo ikagawanyika: mmoja anaamua kitu kiweje, wengine wanakitoa kwa maelfu. Huyo wa kwanza ndiye leo tunamwita mbunifu wa bidhaa za viwandani.

Mmoja wa waliofungua njia hiyo ni Michael Thonet, seremala Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1796 mjini Boppard, akahamia Vienna, Austria, mwaka 1842. Ujuzi wake ulikuwa kukunja mbao kwa mvuke. Fimbo ya mti inapigwa mvuke hadi ilegee, inakunjwa kwenye kalibu ya chuma, kisha inaachwa ikauke. Tatizo ni kwamba ukikunja mbao, upande wa nje unavutika na kupasuka. Thonet aliufunga upande huo kwa ukanda wa chuma, mbao ikakunjika bila kupasuka. Rahisi ukishaambiwa!

Mwaka 1859 kikatoka kiti chake Namba 14: vipande 6 vya mbao, skrubu 10 na nati 2, basi. Hakuna nakshi za kuchonga. Viti 36 vikifunguliwa vilienea kwenye sanduku la mita moja ya ujazo, vikapakiwa melini na kuungwa huko huko vinakokwenda. Yaani hata usafiri ulikuwa sehemu ya ubunifu. Kufikia mwaka 1930 vilikuwa vimeuzwa takriban milioni 50.

Viwanda vyake alivijenga Moravia, karibu na misitu, na wafanyakazi hawakuhitaji kuwa maseremala. Kila mmoja alifundishwa hatua yake tu. Bei ikashuka, hata migahawa ya kawaida ikamudu. Lakini fundi wa mtaani aliyetengeneza kiti kimoja kimoja angeshindana vipi?

Baadaye kazi hii ikapata wenyewe. Mwaka 1907 kampuni ya umeme ya AEG, Ujerumani, ilimchukua Peter Behrens, akabuni birika, taa, nembo, hadi jengo la kiwanda. Mwaka 1919 Walter Gropius alianzisha shule ya Bauhaus mjini Weimar, iliyofungwa mwaka 1933 kwa shinikizo la Wanazi.

Kiti Namba 14 bado kinatengenezwa Ujerumani. Siku hizi kinaitwa 214.